Mwongozo wa Kukarabati Duka la Kale la Katikati ya Kisumu Lipate Kuihudumia Jamii

Reli ilipofika ukingoni mwa ziwa mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence palianza kupanda polepole kutoka bandarini kuelekea bara, na katika miongo iliyofuata wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, walijenga safu za maduka ambazo sehemu yake ingali imesimama katikati ya Kisumu. Ni majengo yenye sura ya udugu: kuta nene za mawe, baraza lenye nguzo upande wa barabara, milango mizito ya mbao inayokunjwa, dari ya juu yenye matundu ya kupitisha hewa, vyumba vya kuishi upande wa nyuma, ua, na mabati juu ya yote. Mengi yamefunikwa kwa rangi za matangazo ya simu na sabuni kiasi kwamba mpita njia hajui kuwa nyuma ya rangi hiyo kuna ukuta wa karibu miaka mia moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi kinachotaka kulichukua mojawapo ya majengo hayo na kuligeuza maktaba, ukumbi wa mikutano, darasa la jioni au mahali pa vijana kufanyia kazi. Makosa mengi niliyoyaona katika kazi ya namna hii, yakiwemo yetu wenyewe, hayakutokana na fundi asiyejua kazi yake. Yalitokana na kazi nzuri iliyofanywa kabla ya wakati wake: rangi iliyopakwa chini ya paa linalovuja, paa lililowekwa juu ya kuta za mtu ambaye hakuwa na haki ya kutupangisha, ukumbi uliozinduliwa kwa shangwe bila kujulikana nani atalipa bili ya maji. Kwa sababu hiyo hatua zifuatazo zimepangwa kwa namna ambayo fedha ya hatua moja haiharibiwi na hatua inayofuata, na ninawasihi msiruke hata moja kwa kuwa mfadhili ana haraka.

Hatua ya kwanza: kiwanja ni cha nani, na hadi lini

Kabla ya kumwita fundi, nendeni kwenye masjala ya ardhi mkafanye uchunguzi rasmi wa hati, ule ambao wengi wetu tunauita sachi. Taarifa mtakayopewa itaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, aina ya umiliki, na kama benki au mahakama imeweka zuio lolote. Viwanja vingi vya mijini vilitolewa na serikali kwa ukodishaji wa muda maalumu, mara nyingi miaka 99, kwa hiyo kiwanja kilichotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920 huenda muda wake umekwisha huku mtu akiendelea kukusanya kodi kila mwezi kana kwamba hakuna lililobadilika. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa kipaumbele raia aliyekuwa mkodishwaji wa mwisho anapoomba apewe tena, lakini kipaumbele si hati, na hakuna kikundi kinachopaswa kutumia hata shilingi elfu kumi juu ya kipaumbele cha mtu mwingine. Tena Katiba ya 2010 imeweka kikomo cha miaka 99 kwa ardhi iliyo mikononi mwa mtu asiye raia, jambo linalowahusu warithi wa baadhi ya wajenzi wa kwanza ambao huenda leo wanaishi Uingereza au Kanada. Ikiwa jina lililo kwenye hati ni la marehemu na mirathi haijafunguliwa, mnayezungumza naye, hata awe mjukuu mwema namna gani, hana mamlaka ya kutia saini.

Ulizeni pia madeni ya kodi ya ardhi yanayodaiwa na kaunti, kwa sababu deni la miaka mingi linaweza kushinda gharama ya paa jipya, na kulilipa au kujadiliana juu yake ni sehemu ya mapatano na mwenye jengo. Baadhi ya majengo ya kale ya Kisumu, hasa yaliyo karibu na stesheni na bandari, yako kwenye ardhi ya Shirika la Reli, na mengine ni ya kaunti yenyewe. Hayo yana njia yake ya maombi, ndefu zaidi lakini iliyo wazi zaidi kuliko ya familia iliyogawanyika.

Mkubaliane kwa mkataba ulioandikwa na wakili na kusajiliwa, wa muda unaolingana na kazi mtakayoifanya. Mimi nisingekubali chini ya miaka 15 kwa jengo linalohitaji paa, na ningetaka iandikwe wazi kwamba kodi haitapandishwa kwa sababu ya uzuri ambao kikundi chenyewe kimeuleta.

Kisha wapo wapangaji. Mwenye duka anayepanga bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba wa muda usiozidi miaka 5, analindwa na sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli: ilani ya kumwondoa au kubadilisha masharti haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu aipokee, naye ana haki ya kwenda kwenye baraza la usuluhishi kuipinga. Fundi viatu aliyekaa kwenye nguzo ya pembeni miaka ishirini na mama anayepika chai uani huenda hawana ulinzi huo, lakini ndio wanaolijua jengo kuliko yeyote. Wanajua maji yanaingilia wapi mvua ikitoka upande wa ziwa, na ni ukuta upi uliopasuka mwaka ambao jirani alichimba msingi wake. Waingizeni katika mpango tangu mwanzo. Hoteli ndogo ya chai inayolipa kodi ya uaminifu ni nguzo ya mapato kuliko ahadi za harambee.

Hatua ya pili: matumizi na mlipaji

Hapa vikundi hupita haraka mno. Chukueni karatasi mchore juma zima, kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Jumapili jioni, kisha mjaze nani atakuwa katika chumba kipi, saa ngapi, na kama atalipa. Chumba kisichokuwa na mtu zaidi ya nusu ya juma hakistahili kukarabatiwa katika awamu ya kwanza. Upande wa pili wa karatasi andikeni gharama za mwaka baada ya kazi kwisha: mlinzi, umeme, maji, kodi ya ardhi, usafi, bima, na fedha ya kusafisha gata. Ikiwa upande wa mapato haufikii upande wa gharama, punguzeni jengo au ongezeni wapangaji, wala msitegemee mfadhili awe mlipaji wa bili ya stima.

Ipo mifano ya kutazama nchini. Gereza la Kapenguria walikofungwa viongozi sita katika miaka ya 1950 leo ni makumbusho. Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshughulikia maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo madogo yalikarabatiwa kabla ya jengo kubwa la katikati ya jiji, na huo ni mpangilio ninaoupenda, kwa kuwa kikundi hujifunza kwenye paa dogo.

Kwa upande wa usajili, kikundi kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kinatosha kufungua akaunti na kuanza kazi. Kwa mkataba wa miaka mingi, hata hivyo, amana (trasti) iliyosajiliwa au kampuni isiyogawa faida ni salama zaidi, kwa maana viongozi wa kikundi hubadilika na wengine huondoka na mihuri.

Hatua ya tatu: kulisoma jengo kwa mwaka mzima, au angalau msimu mmoja wa mvua

Pigeni picha kila ukuta, kila mlango na kila dari mkiwa mmesimama mahali palepale, na mrudie zoezi hilo wakati wa masika ya Machi hadi Mei na tena wakati wa ukame wa Januari. Pimeni vyumba kwa utepe, pamoja na mishazari yake, kwa sababu chumba cha kale mara chache huwa mraba, na mchoro unaodhani ni mraba humgharimu seremala. Kila mlango na dirisha lipewe nambari iliyogongwa kwenye kipande cha bati. Siku milango itakaposhushwa kutengenezwa mtanishukuru, maana milango minane inayofanana haifanani hata kidogo inaporudishwa kwenye miimo yake.

Juu ya kila ufa wekeni bandiko dogo la jasi au la lipu nyembamba, mwandike tarehe. Bandiko likikatika, ufa unaendelea kutembea. Likibaki zima baada ya mvua na kiangazi, ufa huo ni wa zamani na unahitaji kujazwa tu. Hili lina maana ya pekee Kisumu, kwa kuwa sehemu kadhaa za mji na tambarare ya Kano iliyo jirani zimekaa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na jengo juu ya udongo wa namna hiyo hupumua kila mwaka. Nyufa pana zinazopanda kwa mshazari kutoka pembe za madirisha, au ukuta ambao timazi inaonyesha umeinamia barabarani, si kazi ya kikundi; mwiteni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa kabla ya kufanya lolote, hata kama mnadhani mnaijua sababu.

Wakati huohuo kusanyeni kumbukumbu. Wazee wa mtaa, wapangaji wa zamani na familia za wenye maduka wana picha za harusi na za siku za sikukuu zilizopigwa barazani, na picha moja ya namna hiyo inaweza kuonyesha urembo wa dirisha ambao vinginevyo ungebuniwa kwa kukisia.

Hatua ya nne: vibali

Anzieni kwenye Makumbusho ya Kisumu muulize kama jengo limetangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa mnara wa kumbukumbu chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Ikiwa limetangazwa, hamwezi kubadilisha hata mlango bila idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ikiwa halijatangazwa, mnaweza kulipendekeza, na tangazo likitoka watu wana miezi 2 ya kuwasilisha pingamizi. Mwenye jengo mara nyingi huogopa hatua hiyo akidhani atanyang'anywa mali yake, kwa hiyo mweleweshwe mapema kwamba kutangazwa hakuhamishi umiliki.

Kisha nendeni kwenye idara ya mipango ya kaunti kwa kibali cha ujenzi, na kama duka litakuwa maktaba au ukumbi, ombeni pia kibali cha kubadilisha matumizi, kwani Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inavihitaji vyote. Msanifu majengo aliyesajiliwa ndiye atakayewasilisha michoro. Mradi uandikishwe pia katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mkandarasi awe na leseni yake. Wekeni nakala za kila kitu kwenye jalada moja mahali pa kazi, kwa sababu mkaguzi atakuja siku ambayo mwenyekiti yuko safarini.

Hatua ya tano: maji ya juu, kisha maji ya chini

Sasa kazi yenyewe inaanza, na inaanzia paani. Dhoruba za alasiri za Kisumu hushusha maji mengi kwa muda mfupi: mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 10,000, na gata nyembamba ya kisasa haiwezi kuzipokea. Wekeni gata pana zenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili, mabomba ya kushusha maji mengi kuliko mnavyodhani yanahitajika, na matangi uani. Tangi la lita 10,000 lililojaa lina uzito wa tani 10, kwa hiyo lisikae karibu na ukuta wa kale wala juu ya baraza.

Mabati ya zamani yasitupwe kwa sababu tu yana kutu ya juujuu. Mengi ni mazito ya geji 24, yaani karibu mara mbili ya unene wa mabati ya geji 30 yanayouzwa sana madukani leo, na yaliyo mazima yanaweza kusafishwa, kupakwa rangi ya kuzuia kutu na kukusanywa yote kwenye mwinuko mmoja wa paa, mapya yakawekwa upande wa pili. Anayepanda akanyage juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, kamwe si katikati ya bati. Ikaguliwe pia kila kenchi, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba paa, mahali inapokaa juu ya ukuta, kwani ncha hiyo ndiyo huoza kwanza na ndiyo isiyoonekana kutoka chini.

Ikiwa paa au kibanda cha uani kimeezekwa kwa asbesto, simamisheni kazi. Asbesto ikikatwa au kuvunjwa hutoa vumbi la nyuzi zinazoharibu mapafu, na kisheria ni taka hatari ambayo huondolewa na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ikiwa imelowanishwa na kufungwa, na kutupwa mahali palipoidhinishwa. Kijana wa mtaani mwenye nyundo na kitambaa puani hafai kupewa kazi hiyo kwa bei yoyote.

Maji ya chini yana hila zaidi. Barabara za katikati ya mji zimewekwa lami juu ya lami kwa miaka mingi, hata baraza lililojengwa vidato vitatu juu ya ardhi sasa liko kidato kimoja, na mahali pengine sakafu ya duka iko chini ya mfereji wa barabara. Fukueni udongo uliorundikana kwenye kuta za nyuma na za pembeni hadi uwe chini ya sakafu, kisha chimbeni mtaro wa kina kifupi uliojazwa kokoto unaopeleka maji mbali na msingi. Ondoeni pia zege iliyomwagwa kukumbatia ukuta, kwani zege hiyo huusukuma unyevu ndani badala ya kuuzuia. Upande wa barabara hamna ruhusa ya kuchimba. Andikieni kaunti, mfuatilie, na kwa wakati huo jengeni kizingiti cha chini mlangoni.

Baada ya hapo subirini. Ukuta mnene wa mawe uliolowa kwa miaka hukauka kwa miezi mingi, na hakuna dawa ya dukani inayofupisha muda huo.

Hatua ya sita: kuta na chokaa

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo majengo mengi ya kale ya mijini kwetu yanauawa kwa nia njema. Kuta za wakati ule zilijengwa mara nyingi kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga, ambao ni laini na wenye vinyweleo. Unyevu ukiingia ukutani hutoka kupitia viungo na lipu hiyo hiyo, na chumvi inayosafiri nao hubaki ndani ya chokaa, ambayo ni rahisi kuitoa na kuirudisha. Saruji ni ngumu na huziba. Ukuta uliopakwa lipu ya saruji hauwezi kupumua, hivyo unyevu hupanda hadi unapopata njia, chumvi huchomoza kwenye uso wa jiwe lenyewe, na jiwe likaanza kumenyuka vipandevipande wakati saruji iliyo kando yake ingali nzima. Katika kazi yetu ya kwanza tulimkubali fundi mmoja hodari, mwenye mkono mzuri kwelikweli, aliyetupakia saruji mita moja kutoka chini ili ukuta uwe imara. Ilipendeza kwa msimu mmoja. Msimu wa pili unyevu ulikuwa umepita juu ya mstari wa saruji na kuacha ramani ya kahawia, na kuitoa ile saruji kulichukua uso wa mawe pamoja nayo.

Kutambua kilichopo si vigumu. Kwaruzeni kiungo kwa kisu: chokaa hukwanguka na kuacha unga mweupe, saruji hukataa. Gongeni lipu kwa vidole: inayolia kama ngoma imeachana na ukuta na inapaswa kutoka, inayolia kama jiwe iacheni hata kama si nzuri.

Chokaa yenyewe huchomwa hapa karibu, Koru, upande wa Muhoroni. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai, ambayo ikitiwa maji huchemka na kuwa laini, na ikishapakwa ukutani hurudisha kaboni hiyo kutoka hewani polepole hadi iwe jiwe tena. Kwa hiyo mambo mawili ni lazima. La kwanza ni usalama: chokaa hai humwagwa katika maji, wala si maji juu ya chokaa, na anayefanya kazi hiyo avae miwani, glovu na mikono mirefu, huku ndoo ya maji safi ikiwa karibu, kwa sababu ikiingia jichoni huunguza vibaya. La pili ni subira: uji wa chokaa uliofunikwa kwa maji ndani ya pipa kwa miezi mitatu hupakika vizuri kuliko ule wa juma moja. Chokaa ya mifuko iliyokwisha kuzimwa, yaani kutiwa maji, inafaa pia, mradi muulize muuzaji kama ni ya ujenzi, kwani ile ya kutibu udongo wa mashamba mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa, nayo haitashika kamwe.

Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kali za ukubwa tofauti. Tieni mchanga na maji katika chupa, mtikise, mwache utulie hadi kesho. Tabaka la tope juu yake likizidi sehemu moja ya kumi, uosheni kwanza. Uwiano wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Kwa sehemu za chini zenye unyevu, ongezeni vumbi laini la matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, ambayo magharibi mwa Kenya hayakosekani. Ni desturi ya kale ya mafundi wa India, na husaidia chokaa kushika hata mahali ambapo hewa haifiki vizuri.

Viungo vikwanguliwe kwa patasi na nyundo nyepesi hadi kina cha mara mbili ya upana wake. Msitumie mashine ya kukatia, maana hupanua kiungo na kujeruhi jiwe. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kupakwa, kila koti la lipu lisizidi milimita 10, na kila moja lifunikwe kwa magunia yanayolowanishwa asubuhi na jioni kwa juma zima. Jua la saa saba la Kisumu hukausha chokaa kabla haijashika na kuiacha ikimomonyoka kama ugali uliolala, kwa hiyo ukuta wa magharibi upakwe asubuhi na kufunikwa kabla ya adhuhuri. Rangi ya mwisho iwe chokaa nyembamba yenye rangi ya udongo, makoti manne au matano mepesi. Kampuni itakuja kuomba kupaka ukuta mzima tangazo lake na kuwapa rangi ya bure. Rangi hiyo ya plastiki itafanya kazi ileile ya saruji, na jibu ni kuwapa ubao.

Hatua ya saba: mbao, umeme na mlango wa kila mtu

Milango na fremu nyingi za zamani ni za mvule, mti ambao mchwa wanauheshimu, na ambao leo ni ghali na adimu. Chomeni kila fremu kwa bisibisi kutoka chini: inapozama ndiyo sehemu iliyooza, na mara nyingi ni sentimita 20 za chini tu. Seremala mzuri atakata sehemu hiyo kwa mshazari na kuunga mvule kwa mvule, kwa bei iliyo chini sana ya mlango mpya. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo zikwanguliwe zikiwa zimelowa, watoto wasiwepo, na mabaki yakusanywe. Matundu ya hewa chini ya paa yafunguliwe, yawekewe wavu wa kuzuia popo, na dari isishushwe ili pafanane na ofisi. Urefu huo ndio unaofanya chumba kikalike saa nane mchana bila feni.

Nyaya za zamani zing'olewe zote. Fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na nyaya zipite ndani ya mabomba juu ya ukuta badala ya kuchimbiwa mifereji ndani ya mawe. Vyoo vijengwe uani, karibu na bomba la majitaka, mbali na kuta za kale. Ukumbi uwe na milango miwili ya kutokea inayofungukia nje.

Kwa wanaotumia viti vya magurudumu, mteremko usiwe mkali kuliko moja kwa kumi na mbili, maana yake baraza la sentimita 45 linahitaji njia ya mita 5.4, ambayo mara nyingi haitoshei kwenye njia ya waenda kwa miguu. Wengi hukimbilia mlango wa nyuma. Napendelea kuulaza mteremko sambamba na baraza, ndani ya mstari wa nguzo, hata kama utameza nafasi ya madirisha mawili ya duka, ili bibi mwenye mkongojo na mwenyekiti wa kikundi waingie kwa mlango mmoja.

Hatua ya nane: baada ya kufungua

Katika makadirio tengeni akiba isiyopungua asilimia 15, kwa kuwa jengo la kale hufichua siri zake lipu inapoanguka. Ikibaki, iwe mwanzo wa mfuko wa matengenezo. Isiishie kwenye sherehe.

Gata zisafishwe Februari kabla ya masika na tena Septemba kabla ya vuli. Juni, mvua zikiisha, mtu azunguke na zile picha za mwanzo akilinganisha ukuta kwa ukuta. Chokaa ya nje irudiwe kila baada ya miaka miwili au mitatu upande unaopigwa na mvua. Ni kazi ya siku moja kwa vijana sita. Daftari la matengenezo likae ndani ya jengo, si nyumbani kwa katibu, na katika ukurasa wake wa kwanza yaandikwe majina mawili: la atakayepanda paani miezi hiyo miwili, na la atakayemshikia ngazi.